Kitabu Kilichoshonwa kwa Uzi wa Mkonge

Kitabu chenyewe hakina jalada. Nilipokikuta kilikuwa hivohivo, ukurasa wa kwanza umechanika pembeni, mgongo umeshonwa kwa uzi wa mkonge, na ukikifungua kinatoa harufu ya sanduku la nguo, udi na dawa ya nondo pamoja. Katikati kuna kurasa nne ambazo sio za kiwandani, ni karatasi za daftari la mistari zimeandikwa kwa peni ya bluu, mwandiko wangu wa kidato cha tatu, nao umeshonwa humohumo na uzi uleule. Juzi mdogo wangu kakishika akaniuliza, dada, hivi mtu anakipendaje kitabu mpaka akae chini anakili kwa mkono? Nikaanza kumjibu, nikaona jibu lenyewe refu, bora niliandike.

Mwaka 2012 nilihamia kwa babu na bibi, Ngamiani, Tanga mjini, manake kutoka kwetu Pongwe hadi shule nauli ya kila siku ilikuwa inamshinda mama. Nilikuwa kidato cha pili. Babu wakati huo haoni. Presha ya macho ilimwanza taratibu, yeye akidhani ni uzee tu, mpaka alipokwenda hospitali wakamwambia kilichoondoka kimeondoka, hakirudi. Akawa anaona mwanga wa mlangoni basi, anajua kumekucha na anajua kumekuchwa. Na alikuwa mtu wa kusoma. Kila jioni akitoka msikitini kuswali magharibi anakaa barazani, muuza kahawa anapita na vikombe vyake vinalia kling kling, babu anachukua kimoja na kashata, alafu ananiita nimsomee gazeti, hata la juzi yake, hata lililofungiwa vitumbua, yeye anasikiliza tu.

Siku moja gazeti halikuwepo. Akaniambia, "Mke wangu, nenda kwenye lile sanduku la bati, chini kabisa ya kanzu, kuna kitabu. Kilete."

Nikakileta. Nikamuuliza, babu, kinaitwaje hiki, mbona hakina jina?

"We soma. Jina litakuja lenyewe."

Nikasoma. Nchi inayosimuliwa humo haiko juu ya ardhi, iko angani, inaelea baina ya mbingu na dunia, na mipaka yake ni pepo. Sijui nielezeje kilichonipata. Mie hadi siku ile vitabu vya hadithi nilikuwa navijua kwa njia ya mtihani, dhamira, wahusika, ujumbe, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, unakariri yale makaratasi ya uhakiki ya kutoa kopi bila hata kukifungua kitabu chenyewe, na unapata alama. Sasa hapa kuna mtu kachukua nchi nzima kaiweka hewani, kaipa mfalme, kaipa mawaziri, kaipa sheria na magereza, na nikiinua macho kutoka barazani pale naona mawingu ya kaskazi yanatoka upande wa bahari yanapita juu ya mabati ya Ngamiani, naona kabisa kama kuna watu wanatembea juu yake. Nilisoma hadi adhana ya isha ikanikatiza, na sikuipenda kukatizwa, Mungu anisamehe.

Lakini babu alikuwa msikilizaji mgumu jamani. Kila sentensi ananisimamisha. "Umeikimbiza hiyo. Rudi." "Hapo pana mkato, pumua." "Unasoma kama mtu anayehesabu nazi." Ukurasa mmoja ulikuwa unachukua robo saa. Mwanzo nilikuwa nachukia kimoyomoyo, ila baada ya kama wiki mbili nikagundua nasubiri yeye anisimamishe, manake kila aliposimamisha kulikuwa na kitu kimejificha. Yale majina kwa mfano. Mimi nilidhani ni majina tu ya watu wa zamani. Anayeshtakiwa anaitwa Karama, anayemshtaki ni waziri anaitwa Majivuno, hapo hata mtoto anaelewa. Ila wale wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, babu alikuwa ananikalisha nao mmoja mmoja. Buruhani ni nini? Sijui babu. Buruhani ni ushahidi, hoja isiyopingika. Auni? Sijui babu. Auni ni msaada, ukisema "auni" umeomba mtu akushike mkono. Sasa fikiria, ananiambia, nchi imemfunga Ushahidi gerezani, imemfunga Msaada, imemfunga Ridhaa, imemfunga na Amini, alafu inajiuliza mbona mambo hayaendi.

Kwa asiyekijua kitabu nieleze kidogo. Kinaitwa Kusadikika, na hilo ndo jina la ile nchi ya angani. Kosa la Karama ni kwamba kaanza kufundisha watu elimu ya sheria, na pale Kusadikika elimu hiyo haitakiwi, kwaiyo Majivuno anataka auawe. Karama anapewa nafasi ya kujitetea, na utetezi wake unakwenda siku sita. Siku sita hizo yeye anasimulia. Anasimulia habari za wale wajumbe waliowahi kutumwa na nchi yao huko na huko, kuna aliyepanda mbinguni na kuna aliyeshuka huku ardhini kwetu, wakapata taabu za ajabu njiani, wakarudi wamebeba mambo mazuri ya kuifaa nchi, na kila aliyerudi alitupwa jela. Basi. Hakuna vita, hakuna upanga, mtu amesimama barazani anaongea. Mie nilikuwa na miaka 16 na sijawahi kusikia kitu chenye nguvu kama kile.

Siku nilipouliza kimeandikwa na nani, babu alishangaa kweli. "Kwani hujui?" Nikasema ukurasa umechanika. Akasema Shaaban Robert. Sasa jina nalijua, shuleni wanalitaja, ila kwangu lilikuwa jina la ubaoni, kama jina la mlima. Nikauliza, huyo ni wa wapi? Babu akanyoosha mkono gizani kuelekea kusini, njia ya Pangani, akasema, "Wa hapo Machui."

Machui! Machui nina shangazi anauza samaki. Machui tunakwenda kwa baiskeli. Nilikaa kimya muda mrefu sana. Kumbe mtu anaweza kutoka kijiji chenye minazi na mikorosho na jamvi la samaki wa kukaanga, akazaliwa Vibambani tarehe 1 Januari 1909, zama za Mjerumani, akasoma Dar es Salaam miaka ya 1922 hadi 1926, akawa karani wa serikali ya mkoloni, akafanya kazi hapahapa Tanga, na usiku akirudi nyumbani anaandika nchi iliyo angani. Kitabu kilitoka 1951, kikachapwa na Nelson wa London. Babu alisema uangalie huo mwaka vizuri, Mwingereza ndo anatawala, karani mweusi hawezi kuandika kwamba hapa hatusikilizwi, hapa mwenye fikra njema anafungwa. Sasa akiiweka nchi hewani nani atamkamata? Akija mkubwa wa ofisi kumuuliza, atamwambia bwana, hii nchi haipo. Uhuru ulipofika Desemba 1961 alikuwa hai, na Juni 1962 akafariki. Miezi sita tu hivi. Ile hesabu inaniumaga mpaka leo.

Nilimuuliza babu kama aliwahi kumwona. Akasema hapana, yeye aliteremka kutoka Lushoto kuja kutafuta kazi 1963, mwenyewe kashazikwa. Nilitamani aseme ndio. Jumamosi moja tukachukua bajaji mimi na yeye hadi Machui, babu kavaa kanzu na kofia kama anakwenda harusini, tukashuka tukasimama chini ya minazi upepo wa bahari unavuma, akanyanyua mikono tukamsomea Fatiha, tukanywa maji ya dafu, tukarudi. Hatukuongea sana njiani. Bibi alitukuta mlangoni akasema nyie wawili mna wazimu, ila alikuwa ametuwekea wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Zile kurasa nne sasa. Utetezi wa siku ya pili ulikuwa na pengo, karatasi zimetoka hazipo. Babu akawa anaruka kwa kumbukumbu, ananisimulia kilichokuwepo, alafu tunaendelea. Mimi sikuridhika. Likizo ya Juni 2013 nikaenda maktaba ya mkoa, lile jengo la zamani lililojengwa kwa kumbukumbu ya mfalme wa Uingereza King George VI, nikauliza, wakaniletea nakala moja. Hairuhusiwi kutoka nayo bila uanachama na mimi hela ya uanachama sina, kwaiyo nikakaa mezani siku tatu nikanakili kurasa zinazokosekana, neno kwa neno, na mkato kwa mkato kama babu alivyonifundisha. Na hapa niseme kitu kwa wanafunzi wanaonisoma, kama kuna kitabu unakipenda jaribu kunakili hata ukurasa mmoja kwa mkono wako. Unapokisoma unapita nacho, unapokinakili kinakupitisha chenyewe, unaanza kuona kwanini hapa kaweka "ilhali" na sio "lakini", kwanini sentensi hii kaifanya fupi. Mimi Kiswahili changu cha kuandika nilikipata pale mezani.

Nikarudi nazo. Babu akazipapasa, akazinusa kabisa, akamwambia bibi alete shazia na uzi wa mkonge. Akashona mwenyewe bila kuona, kidole cha kushoto kinatangulia kutafuta tundu, cha kulia kinafuata na sindano. Bibi alitaka kumsaidia akakataa. Mkonge aliujua kwa vidole, miaka zaidi ya 20 alikuwa karani mashambani, kazi yake kuhesabu matita, tita moja majani 30, mkataji akileta mzigo yeye anahesabu anaandika.

Nimefika sasa kwenye jambo lenyewe.

Mwaka huohuo 2013 shuleni kwetu kulikuwa na chumba kina makabati ya vitabu, vimefungiwa. Vitabu vipo, tunaviona dirishani, funguo anazo mtu mmoja, na jibu ni lilelile, mtaviharibu. Huku tunaambiwa tununue makaratasi ya kopi. Kwa mwenye hela sawa, kwa wengi wetu haiwezekani. Sisi wanafunzi tukaandika barua kuomba chumba kifunguliwe angalau mara moja kwa wiki. Barua ilikuwa ya watu kama kumi na tano ila mwandiko ulikuwa wangu, na kwenye barua nimejaza maneno ya Shaaban Robert tele, madhali, ilhali, insafu. Ikatafutwa mwandiko wa nani, nikaitwa kamati ya nidhamu kwa kosa la uchochezi.

Jamani nilikwenda nimesimama wima. Usiku kucha nimejiandaa, najiona Karama kabisa, nina barua yangu, nina hoja zangu. Nikaongea dakika kama kumi hivi. Niliwaambia mimi ni mwanafunzi mwenye nidhamu, mimi sijawahi kupata adhabu, mimi napenda kusoma, mimi nina haki ya kupata elimu, nikasema kwa Kiswahili kizito ambacho hata mimi kilinitetemesha. Walinisikiliza mpaka mwisho. Alafu wakanipa wiki mbili nikae nyumbani, nirudi na mzazi.

Nililia kutoka getini hadi Ngamiani. Kilichoniuma zaidi ya adhabu ni kwamba kitabu kimenidanganya. Karama aliposema alisikilizwa, mimi nimesema sijasikilizwa. Nikafika nikamwambia babu sitaki tena kukisoma.

Babu hakukasirika. Akaniambia nimrudie maneno niliyoyasema kule, yote, kama yalivyo. Nikamrudia. Akanyamaza, alafu akauliza:

"Karama siku ya kwanza alizungumza habari za nani?"

Nikajibu za mjumbe.

"Siku ya pili?"

Za mjumbe mwengine.

"Siku ya tatu? Ya nne? Ya tano, ya sita?"

Wajumbe babu.

"Habari zake yeye Karama alizungumza siku gani?"

Sikuwa na jibu. Nilisoma kitabu kile mara mbili nzima na nilinakili sehemu yake kwa mkono wangu na sikuwahi kuliona hilo. Mtu anayetakiwa kufa kapewa siku sita za kujitetea, na siku zote sita kawapa watu waliofungwa ambao hawapo pale na hawawezi kusema. Babu akaendelea, taratibu, bila kunigombeza. "We ulikuwa na wajumbe wako palepale shuleni. Yule mwenzio wa Mabawa aliyefukuzwa kwa kukosa hela ya makaratasi ulimtaja? Yule aliyechapwa kwa kuchungulia dirishani ulimtaja? Umesema mimi, mimi, mimi. Mtu akisema mimi, wanaomsikiliza wanamwangalia yeye, umri wake, sketi yake, sauti yake, wanaona kitoto kimekosa adabu. Akisimulia ya mwenzie, wanalazimika kumwangalia huyo mwenzie."

Alafu akaniambia kitu ambacho nadhani hakuwahi kumwambia mtu. Kule mashambani alikotumikia aliona siku nyingi wakataji wanapunguziwa hesabu, mtu kaleta matita yake kamili, msimamizi anasema haya mabovu, toa kumi, toa kumi na tano, na karani anaandika anachoambiwa. Yeye ndo alikuwa karani. Aliandika. Alikuwa ana watoto wanne na kazi ilikuwa ngumu kupatikana. Kitabu kile alikinunua kwa mtu Muheza, akakisoma usiku kwenye taa ya chemli, akafika siku ya sita asubuhi kunakucha, akaenda kazini na aliandika tena. "Sikukishona kwasababu kilichakaa tu," aliniambia. "Nilikuwa nakifungua kila mara kutafuta mahali pa mimi kuingia."

Mimi sikuelewa vizuri siku ile alimaanisha nini. Saivi naelewa, nikiwa na watoto na mshahara.

Zile wiki mbili tulizitumia. Alinituma nikawatafute wenzangu, nisiwaulize maoni, niwaulize kilichowapata tu. Nikazunguka na baiskeli, Mabawa, Makorora, Mikanjuni hadi Duga. Nikapata wanne. Wa kwanza alikuwa anakesha kuchambua dagaa na mama yake ili apate hela ya makaratasi ya somo moja, akashindwa mengine. Wa pili ndo yule wa dirishani, alikuwa anasoma majina ya vitabu kwenye migongo yake anayaandika mkononi, akachapwa akihisiwa anataka kuiba. Wa tatu baba yake alishawahi kutoa vitabu viwili vyake mwenyewe kuipa shule, na mtoto haruhusiwi kuvigusa. Wa nne ameacha shule kabisa, nilimkuta anauza maandazi, akanipa mawili akakataa hela. Nikaziandika habari zao kwenye daftari, babu akawa anasikiliza usiku, anasimamisha kama kawaida yake. "Hapo umetia chumvi, toa." "Hapo umelaumu, usilaumu, simulia." Karibu kila sifa niliyoiweka aliitoa. Ilibaki mifupa mitupu na ilikuwa inauma kuisoma.

Siku ya kurudi mama alikuwa kazini, akaja babu. Nikamshika mkono tukaingia ofisini, anatanguliza fimbo, wale walimu wakasimama wote kumwamkia shikamoo mzee. Akaomba jambo moja tu, mjukuu wake asome kurasa tatu. Nikasoma. Nilisoma polepole, nikapumua kwenye mikato. Neno mimi halikuwemo. Nilipofika kwa yule wa nne, wa maandazi, mwalimu mmoja wa kike akainuka akatoka nje.

Siwezi kusema tulishinda kama Karama. Kule mfalme alimwachia Karama na wajumbe wakafunguliwa. Kwetu chumba kilifunguliwa Ijumaa, saa moja tu baada ya vipindi, na kilipofunguliwa tukakuta kabati mbili za chini zimeliwa na mchwa, ukivuta kitabu unabaki na jalada na vumbi. Vilivyokuwa vizima tulivifuta tukavipanga. Yule wa dirishani akawa ndo mtunza daftari la kuazima, na hadi tunamaliza kidato cha nne hakikupotea hata kimoja. Aliyeacha shule hakurudi. Hilo halikurekebishika na nisije nikalipamba.

Saivi nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, makaratasi ya forodha, na sio mara moja imebidi nisimame mbele ya wakubwa kuwasemea vibarua wa kupakua ambao malipo yao yamekaa. Sijawahi kwenda na maneno matupu ya haki. Naenda na daftari, nani kapakua nini, siku gani, na nyumbani kwake kuna nini wiki hiyo. Mara nyengine wanalipwa, mara nyengine nusu. Mara moja nilihamishwa meza.

Babu alifariki Machi 2016, alfajiri, kwa homa ya siku tatu tu. Tulikuwa tunakisoma kitabu kwa mara ya tatu, tumefika siku ya nne ya utetezi. Nilikuwa nimeweka alama ya karatasi ya kashata. Baada ya mazishi nikakirudisha kwenye sanduku la bati chini ya kanzu zake nikafunga, sikutaka kukiona.

Bibi akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, hatoki, yuko chumbani kwake na kaniki na tasbihi, wageni wanawake wanakuja wanaondoka, jioni nyumba inakuwa kimya kimya ambacho sijawahi kukijua. Kama mwezi hivi umepita, siku moja baada ya magharibi naona ananiita. Nikaingia nikadhani anataka maji.

"Mke mwenzangu," ananiambia, "yule Karama mmemwacha siku ya nne amesimama. Atasimama mpaka lini?"

Nikamwangalia. Bibi yangu hasomi, anajua Qurani yake na herufi za kutia sahihi basi. Nikamuuliza, bibi, we umejuaje ni siku ya nne? Akanionyesha dirisha. Dirisha la chumba chake linafungukia barazani, kumbe miaka yote ile sisi tunasoma nje yeye yuko ndani kajilaza taa imezimwa, sisi tunadhani kalala. Alikuwa anajua wajumbe wote sita kwa majina. Alikuwa anajua mpaka mahali babu alipokuwa ananisimamisha.

Nikaenda nikafungua sanduku. Nikamsomea siku ya nne palepale chini kwenye mkeka, ya tano kesho yake, ya sita kesho kutwa. Yeye hakuwa ananisimamisha kwa ajili ya mikato, alikuwa na maswali yake. Mbona wajumbe wote wanaume, aliuliza, kwani Kusadikika hakuna wanawake wa kutumwa? Nani aliwangojea nyumbani miaka yote waliyofungwa? Yule Karama siku sita anaongea, usiku akirudi alikuwa anapikiwa na nani, na huyo mpishi alikuwa analala? Maswali ambayo mimi na babu katika mara zote zile hatukuwahi kuyagusa, na sikuwa na la kumjibu, nikawa nasema sijui bibi, hakikuandikwa.

Tulipofika mwisho, wajumbe wamefunguliwa, akakaa kidogo anazungusha tasbihi. Nikajua amemkumbuka babu nikafunga kitabu. Akaniambia nisifunge.

"Anza mwanzo," akasema. "Kuna siku nilikuwa jikoni nawapikia, sikusikia."